Trekta linalolala juu ya kichuguu

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi simu yangu huanza kulia kabla jua halijatoka. Usiku joto hushuka chini ya digrii 10, na matrekta ya zamani yaliyowaka bila shida wakati wa mvua yanagoma. "Fundi, limekataa." Ninauliza swali lile lile kila mara: ukipiga stata, bomba linatoa moshi wa rangi gani?

Wengine hudhani ninawatania. Lakini injini ya mazutu, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita ya dizeli, haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, zaidi ya digrii 500 mambo yakienda sawa, kisha nozeli inapuliza mazutu humo na yanawaka yenyewe. Ukipiga stata na bomba halitoi moshi wowote, mazutu hayafiki kwenye silinda. Likitoa moshi mweupe wenye harufu kali ya mazutu, yanafika ila hayawaki, kwa sababu hewa haijapata moto wa kutosha. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya hununua vipuri bure.

Trekta ninalokutana nalo zaidi ni Massey Ferguson 135, lile jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5. Lilianza kutengenezwa mwaka 1964 na bado linalima. Mengi ninayoyaeleza hapa yanatoka kwake.

Tuanze na moshi mweupe, maana ndiko watu hupoteza pesa. Papa mmoja mwenye shamba upande wa barabara ya Kasenga alikuwa analilaza trekta lake juu ya kichuguu. Vichuguu vya huku mnavijua, kingine ni kilima kizima. Asubuhi analiachia literemke, anaingiza gia, linawaka. Miaka miwili. Alikuwa ameshanunua betri mbili mpya na kutengenezesha stata mara moja, na fundi mwingine alishamwambia injini imekufa, ifunguliwe yote.

Nilimwambia, "Papa, injini iliyokufa haiwaki kwa mteremko." Kichuguu kilikuwa kimeshatoa jibu: ikizungushwa kwa kasi, inawaka. Kwa hiyo shida ilikuwa kasi ya stata. Injini ikizungushwa polepole, hewa hupenya pembeni ya ringi za pistoni na moto wake hunyonywa na chuma baridi kabla mazutu hayajafika. Na huku tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, kwa hiyo injini iliyochoka haina akiba ya kuchezea.

Nilichukua mita ya volti. Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6, nzima kabisa. Akipiga stata, kwenye vichwa vya betri nilipata zaidi ya 10, lakini kwenye stata yenyewe nilipata 8 na kidogo. Volti zilikuwa zinapotea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akapiga tena: karibu volti 2. Hapo isizidi nusu volti. Kumbe waya wa masi, ule unaounganisha betri na chuma cha trekta, ulifungwa juu ya rangi. Mtu aliyelipaka trekta rangi, likawa linapendeza, alipaka mpaka pale boliti inapokaa. Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Kazi ya dakika 20.

Kama huna mita, tumia vidole. Piga stata kwa sekunde kumi hivi, acha, kisha gusa kila ncha ya nyaya nene. Ile iliyopata moto ndiyo mbaya. Na waya wa gari dogo usiufunge kwenye trekta. Unaonekana unatosha, lakini stata inataka umeme mwingi kuliko unaoweza kupita humo.

Sasa kama bomba halitoi moshi. Kabla ya kushika spana, angalia kile kivuta cha kuzimia injini: wengi wanakiacha kimevutwa. Usicheke, nimeendeshwa kilomita 40 kwa ajili ya kivuta. Kisha fungua kizibo cha chini cha filta uone kama kuna maji. Mazutu ya bidoni (madumu) huwa na maji, na pampu ya nozeli ya trekta hili inalainishwa na mazutu hayo hayo, kwa hiyo maji yanaiua.

Halafu upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mazutu. Legeza skrubu ya juu ya filta, sukuma ule mkono mdogo wa pampu ya kuvutia mazutu mpaka yatoke bila povu, kaza. Mkono huo ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, usidhani pampu imekufa. Zungusha injini mara moja, maana kishikio chake cha ndani kimekaa juu. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu mbili za pampu ya nozeli, kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, piga stata mpaka mazutu yaruke, kaza. Usiweke kiganja mbele ya mabomba hayo: mgandamizo wake unapenya ngozi.

Upepo ukirudi kila asubuhi, tafuta tanki liko wapi. Kwenye 135 tanki liko juu ya injini, hivyo palipotoboka huvuja nje na utapaona. Kwenye matrekta ambayo tanki liko chini, mazutu hurudi tankini usiku na upepo unachukua nafasi yao bila tone moja kuonekana. Chunguza pia oili ya injini. Ikiongezeka bila wewe kuongeza na ikanuka mazutu, ngozi ya ile pampu ya kuvutia imechanika. Usiliwashe tena kabla ya kubadilisha.

Mambo mawili yananikasirisha. La kwanza ni etha, ile dawa ya kuwashia inayopulizwa kwenye njia ya hewa. Ukipuliza etha, injini inapiga kama nyundo, ringi zinavunjika, na mwaka unaofuata kweli haiwaki bila etha. Tena 135 nyingi zina kile kipasha-hewa kwenye njia ya hewa, kinachowaka ukigeuza ufunguo upande wa joto. Etha ikikutana nacho, inalipuka usoni mwako. Tengeneza kipasha-hewa hicho, subiri sekunde 15 au 20 kabla ya kupiga stata, inatosha.

La pili ni kuunganisha stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini, mbele ya gurudumu. Trekta hili lina swichi inayozuia stata mpaka ule mkono wa kasi ya juu na ya chini uwe katikati. Bisibisi inaruka swichi hiyo. Likiwa kwenye gia, litaondoka, na wewe uko mbele ya gurudumu.

Ukishamaliza yote hayo na moshi mweupe bado upo huku stata inazunguka kwa nguvu, hapo ndipo ninapima nafasi ya valvu (0.30 mm injini ikiwa baridi), ninatoa nozeli zikapimwe mjini, na mwisho kabisa ninapima mgandamizo wa silinda. Vipuri vingi hupatikana Kasumbalesa, mji wa mpakani, au ng'ambo Zambia, ila usivuke mpaka kabla ya kupima.

Nilipita kwa yule Papa mwezi uliopita. Trekta linawaka kwa mguso wa kwanza. Bado analilaza juu ya kichuguu.