Haki ya aliyetangulia: siasa za maji katika jangwa la Arizona

Mto Colorado ukipungua, jiji la Phoenix hukatwa maji kabla ya mashamba ya saladi ya Yuma. Phoenix na miji inayolizunguka ina watu wanaokaribia milioni tano. Yuma ni mji wa mpakani na Mexico, unaojulikana kwa joto kali na kwa mboga za majani zinazoliwa Marekani nzima wakati wa baridi. Mgeni akisikia mpangilio huo atadhani kuna mtu amehongwa. Hakuna. Ni sheria tupu: wakulima wa Yuma walianza kuchota mapema, mfereji wa Phoenix ukaja miongo kadhaa baadaye.

Kanuni inayozaa jambo hilo ndiyo haki ya aliyetangulia. Mtu wa kwanza kuchepusha maji ya mto na kuyatumia kwa kazi yenye manufaa anapata haki ya kiasi hicho cha maji, na haki hiyo inabeba tarehe. Ukame ukiingia, watumiaji hawapunguziwi sawasawa. Mwenye tarehe kongwe anachukua mgao wake wote, anafuata wa pili, kisha wa tatu, mpaka maji yaishe. Ni foleni ambayo nafasi ndani yake hurithiwa na kuuzwa, na aliye mkiani anaweza kurudi na ndoo tupu hata kama yeye ni mji mzima na aliye mbele yake ni mfugaji mmoja.

Kanuni ina sharti jingine linaloudhi wahifadhi wa mazingira: asiyetumia hupoteza. Katika Arizona, haki ya maji ya mto isiyotumiwa kwa miaka mitano mfululizo inaweza kufutwa. Kwa hiyo mkulima mwenye akili timamu humwagilia hata pale ambapo shamba lingeweza kusubiri, kwa sababu kubana matumizi ni kuhatarisha mali yake.

Haikuwa hivi kila mahali. Uingereza, na majimbo ya mashariki ya Marekani yaliyofuata sheria zake, yalimpa haki ya maji yule mwenye ardhi ukingoni mwa mto, na wenye kingo wote walivumiliana. Hilo linawezekana mvua inaponyesha mwaka mzima. Wachimba dhahabu waliomiminika California baada ya 1848 walikuta hali nyingine. Dhahabu ilikuwa mlimani, maji yalikuwa bondeni, na ardhi haikuwa ya yeyote kati yao. Wakakubaliana kwamba aliyechimba mfereji kwanza ndiye mwenye maji, kama vile aliyeweka vigingi kwanza ndiye mwenye machimbo. Mwaka 1882 mahakama kuu ya jimbo la Colorado ikaikataa waziwazi kanuni ya ukingo, na majimbo makavu ya magharibi yakashika njia hiyo.

Arizona ilikuwa na kila sababu ya kuishika. Phoenix hupata mvua isiyofika milimita 200 kwa mwaka. Bonde lake lilikuwa na mifereji mirefu ya Wahohokam, wakulima wa kale ambao mfumo wao ulikwisha kufikia karibu 1450, na walowezi waliofika mwishoni mwa miaka ya 1860 walifufua njia zilezile. Sheria ya serikali kuu ya 1902 ilipoanza kugharimia mabwawa, wenye mashamba wa bonde hilo waliweka ardhi yao rehani kwa pamoja, wakajengewa bwawa la Roosevelt lililokamilika 1911. Jimbo lenyewe lilizaliwa mwaka uliofuata, 1912. Yaani taasisi ya maji ilitangulia dola.

Jambo hilo liliacha alama. Shirika lililotokana na wenye mashamba hao, Salt River Project, liliendelea kuchagua viongozi kwa ekari: mwenye ardhi nyingi alikuwa na kura nyingi, na asiye na ardhi hakuwa na kura. Kufikia miaka ya 1970 shirika lilikuwa likiuzia umeme mamia ya maelfu ya wakazi wa mjini. Baadhi ya wakazi walishtaki, na mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kura ya ekari ni halali kwa shirika la namna hiyo. Nikitaka kumweleza mtu utamaduni wa kisiasa wa Arizona kwa mfano mmoja, ningeanza na kesi hiyo kabla ya uchaguzi wowote wa gavana.

Ugomvi mkubwa ulikuwa na jirani, California. Mwezi Juni 1922 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki ya aliyetangulia inavuka mipaka ya majimbo yanayoifuata. Majimbo yaliyokuwa yakikua polepole yakashtuka, maana California ilikuwa ikikua kwa kasi na ingeweza kuumeza mto wote kwa kuwahi tu. Novemba mwaka huohuo wajumbe wa majimbo saba walikutana karibu na Santa Fe chini ya Herbert Hoover, waziri wa biashara wa Marekani, wakaugawa mto kimkataba: mita za ujazo kama bilioni 9.25 kwa mwaka kwa majimbo ya upande wa juu wa mto, na kiasi hichohicho kwa majimbo ya upande wa chini, Arizona na California zikiwemo. Hesabu ilitegemea miaka iliyokuwa na mvua kuliko kawaida. Mto haukuwahi kuwa mkubwa kiasi hicho kwa muda mrefu, na kila mgogoro uliofuata una mzizi hapo.

Kwa Arizona mkataba ulikuwa mtego. Uliwapa majimbo ya chini fungu moja bila kusema nani achukue kiasi gani, hivyo Arizona ingebaki chungu kimoja na California, mlaji mwenye haraka. Bunge la jimbo likakataa kuuridhia, na likaendelea kukataa hadi 1944. Ndani ya miaka hiyo kukatokea kisa ambacho Waarizona bado wanakisimulia kwa kicheko. Mwaka 1934 serikali kuu ilikuwa ikiijengea California bwawa la Parker ili kupeleka maji Los Angeles, na upande mmoja wa bwawa ungeegemea ardhi ya Arizona. Gavana Benjamin Moeur akapeleka askari wa akiba wa jimbo kulinda ukingo. Askari walipewa mashua mbili za kukodi, magazeti yakaziita jeshi la majini la Arizona, na inasemekana zilinasa kwenye kebo mpaka Wakalifornia wakaja kuwaokoa. Kichekesho, ndiyo, lakini gavana alishinda: mwaka 1935 Mahakama Kuu ilikuta kwamba Kongresi haikuwa imeidhinisha bwawa hilo. Kongresi ikaliidhinisha mwaka huohuo, na ujenzi ukaendelea.

Ushindi wa kweli ulikuja kwa mawakili. Kesi ya Arizona dhidi ya California ilifunguliwa 1952 na kuamuliwa 1963, Arizona ikathibitishiwa mita za ujazo kama bilioni 3.45 kwa mwaka. Haki kwenye karatasi, lakini mto uko kaskazini na magharibi mwa jimbo, na watu wako katikati na kusini. Ulihitajika mfereji ambao jimbo halikuwa na fedha za kuujenga.

Hapo ndipo ilipofanyika biashara inayoitesa Phoenix leo. Mwaka 1968 seneta mkongwe Carl Hayden alifanikisha sheria ya kujenga mfereji wa Arizona ya Kati kwa fedha za serikali kuu. Wabunge wa California, walio wengi kupindukia, walitoa kura zao kwa sharti moja: miaka ya upungufu, California ipate kwanza mgao wake wote wa mita za ujazo kama bilioni 5.4, ndipo mfereji wa Arizona uangaliwe. Arizona ikakubali kusimama mkiani. Ujenzi ulianza 1973 na kumalizika 1993, kwa zaidi ya dola bilioni 4. Mfereji unakwenda kilomita 540 kutoka Ziwa Havasu hadi kusini mwa Tucson, na njiani maji hupandishwa karibu mita 880. Kwa miongo kadhaa pampu ziliendeshwa kwa umeme wa kituo cha makaa ya mawe kilichokuwa kwenye ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, hadi kilipofungwa 2019.

Wanasiasa wa Arizona wamejijengea sifa ya kuichukia serikali kuu. Barry Goldwater, seneta wao aliyegombea urais 1964, alihubiri kuipunguza serikali hiyo kila alikokwenda, na alikuwa mtetezi wa mfereji. Sioni kwamba huo ni unafiki wa mtu mmoja. Jimbo zima limeishi hivyo: kujitegemea ni lugha ya jukwaani, na hundi ya Washington ni lugha ya ofisini, na pande zote mbili za siasa huzijua vizuri.

Hundi hiyo ilikuwa na bei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 waziri wa mambo ya ndani wa Marekani, Cecil Andrus, alitishia kuzuia fedha za mfereji kama Arizona haitadhibiti visima vyake. Gavana Bruce Babbitt akawafungia mezani wawakilishi wa miji, migodi na wakulima, na mwaka 1980 ikapita sheria ya maji ya chini ya ardhi. Katika maeneo yaliyotangazwa kudhibitiwa, yakiwemo Phoenix na Tucson, anayejenga mtaa mpya wa nyumba lazima athibitishe maji ya miaka 100. Mwezi Juni 2023 jimbo lilipiga hesabu upya kwa bonde la Phoenix, likakuta maji ya ardhini yatapungukiwa kwa asilimia 4 ya mahitaji ya karne hiyo, likasimamisha vibali vya mitaa mipya inayotegemea visima peke yake.

Nje ya maeneo hayo hakuna foleni hata kidogo. Maji ya chini ya ardhi hayafuati tarehe; mwenye ardhi huchimba na kuvuta, na anayechimba kina kirefu zaidi ndiye mshindi. Mwaka 2014 Fondomonte, kampuni tanzu ya Almarai ya Saudi Arabia, ilinunua mashamba katika kaunti ya La Paz kulima majani ya lusani ya kulishia ng'ombe wa maziwa ng'ambo, wakati Saudi Arabia yenyewe ikielekea kuzuia kilimo cha majani hayo ili kuokoa maji yake. Kampuni ilikodi pia ardhi ya jimbo katika bonde la Butler. Hasira ilikuwa kubwa, na mwaka 2023 gavana Katie Hobbs akavunja mkataba mmoja na kukataa kuongeza muda wa mingine. Tuwe waadilifu kidogo: kampuni ilifanya kilichoruhusiwa kwa kila mkulima wa hapo, Mmarekani au mgeni. Novemba 2022 wapiga kura wa bonde la Douglas walichagua wenyewe visima vyao vidhibitiwe. Majirani zao wa Willcox, ambako visima vya watu vilikuwa vikikauka, wakakataa.

Swali ambalo msomaji atakuwa ameshaliuliza: kama wa kwanza ndiye mwenye haki, wenyeji wa asili wako wapi kwenye foleni? Waakimel O'odham wa Mto Gila walimwagilia mashamba kwa vizazi, na wakati wa kukimbilia dhahabu waliwauzia ngano wasafiri wa kwenda California. Walowezi wakachepusha mto upande wa juu, na kufikia mwisho wa karne ya 19 mashamba yao yalikauka, ikaja njaa. Kanuni ilikuwapo, ila wao hawakuwa na mlango wa kuidai. Wenyeji wengi hawakuhesabiwa raia wa Marekani hadi 1924, na wale waliokuwa katika maeneo yaliyotengwa hawakuruhusiwa kupiga kura Arizona hadi 1948.

Mwaka 1908 Mahakama Kuu, katika kesi ya Winters iliyotoka Montana, ilisema eneo linapotengewa wenyeji, maji ya kuishi humo yametengwa pamoja nalo, kwa tarehe ya siku hiyo. Kwa walio wengi Arizona tarehe hiyo inawatangulia walowezi, na haifutwi kwa kutotumia. Ilichukua karibu karne kugeuza maneno hayo kuwa maji. Sheria ya 2004 iliipa jumuiya ya Mto Gila haki ya mita za ujazo kama milioni 806 kwa mwaka, na sehemu kubwa hutoka kwenye mfereji uleule wa Phoenix. Leo jumuiya hiyo hukodisha maji kwa miji, na mwaka 2023 serikali kuu ilikubali kuilipa hadi dola milioni 150 kwa miaka mitatu ili iache sehemu ya mgao wake ndani ya Ziwa Mead, hifadhi kubwa ya maji ya Mto Colorado.

Wanavajo hawajafika huko. Mkataba wao na Marekani ni wa 1868, kabla Phoenix haijawa mji, na bado takriban theluthi moja ya nyumba zao hazina maji ya bomba. Juni 2023 Mahakama Kuu iliamua, tena kwa 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba huo hauilazimishi serikali kuu kuchukua hatua za kuwatafutia maji. Tarehe kongwe wanayo, mabomba hawana. Mwaka 2024 wao, Wahopi na Wapaiute wa Kusini wa San Juan walikubaliana na jimbo juu ya haki zao, lakini makubaliano hayawezi kuanza bila idhini ya Kongresi na dola bilioni 5 kutoka Washington.