Msaada rika kwa askari na familia zao: maana yake na unavyofanya kazi

Msaada rika ni utaratibu ambao mtu aliyepitia jambo gumu na akalimudu kiasi anamsaidia mwenzake anayelipitia sasa. Kwa upande wa askari, ni mwanajeshi kwa mwanajeshi, mstaafu kwa mstaafu, mke wa askari kwa mke wa askari, mjane kwa mjane. Anayesaidia si daktari, si mchungaji wala shehe, na si ofisa ustawi wa jamii. Sifa yake kubwa ni kwamba yalimkuta.

Kwa wakazi wa Arusha na Moshi dhana hii si ngeni kama jina lake linavyosikika. Aliyewahi kufika CTC, kliniki ya matibabu ya virusi vya UKIMWI, amewaona WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao hukaa na yule aliyepewa majibu leo. Daktari anaijua dawa. Mshauri yule anajua inavyokuwa kuimeza ukiwa umefikia kwa mama mkwe. Mweke askari mahali pa mgonjwa huyo na utakuwa umeshaelewa nusu ya jambo.

Askari huku tunao wa kutosha. Maofisa wa jeshi wanafundishwa Monduli, JKT wapo Oljoro, polisi wanapikwa Moshi, na ukipanda Kibosho au Marangu hutatembea sana kabla ya kuoneshwa nyumba ya mstaafu. Wakubwa wao ni wazee wa Vita vya Kagera, walioondoka 1978 wakiwa vijana, wengine mgambo waliotoka shambani, Kampala ikaanguka Aprili 1979. Nyuma yao wapo waliolinda amani chini ya Umoja wa Mataifa: Darfur, Lebanon, Kongo. Julai 13, 2013 wanajeshi saba wa Tanzania waliuawa Darfur kwa kuviziwa. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na waliouawa hawakupungua 14. Kuna waliotoka hai usiku ule. Hao nao walirudi makwao, na hakuna gwaride linalomfundisha mtu kulala tena.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaona mkuki na ngao, sime, upinde na mshale vikiwekwa mnarani. Ni vizuri. Ila siku ile ni ya waliokufa, na msaada rika unawahusu waliobaki.

Swali linaloulizwa mapema na askari wenyewe ni la kiapo: mtu ameapa kutunza siri, sasa huko kwenye kikundi atasema nini? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo linaloonesha kikundi hiki kinafanya kazi gani hasa. Siri za jeshi ni mahali, idadi, silaha, amri. Kikundi cha rika hakina haja na hata moja kati ya hizo. Kinachoulizwa ni: unalala saa ngapi? Tairi la lori likipasuka pale Kwa Sadala, mwili wako unafanya nini? Kwa nini siku hizi ukienda kanisani lazima ukae benchi la nyuma, uso umeuelekeza mlangoni? Mtu anaweza kuyajibu yote hayo bila kutaja kijiji kimoja cha Kongo. Na akijibiwa na aliyewahi kukaa lindo, maelezo mengi yanarukwa, kwa sababu yule wa pili anajua tayari. Mke akisikia mumewe hukaa macho mpaka alfajiri anaweza kudhani ana mwanamke mwingine. Askari mwenzake atauliza tu kama amezunguka nyumba kukagua madirisha mara mbili au mara tatu.

Wapo watakaosema hayo tunayo siku zote, kwani wastaafu hukutana kilabuni kwenye mbege kila jioni. Sikubaliani nao. Kilabuni hadithi inayopokelewa ni ya ushujaa au ya kuchekesha, na mwenye zito moyoni ama ananyamaza ama anaongeza kata nyingine. Akilisema, kesho linajulikana mpaka Kiboroloni. Kikundi cha rika kina uti wa mgongo ambao kilabu hakina. Mtu anaingia kwa hiari yake na anaweza kutoka. Vyeo vinaachwa mlangoni, na hilo ni gumu kuliko linavyosemwa, maana koplo aliyemwita mtu afande miaka ishirini hamkatishi kauli kwa siku moja. Kinachosemwa mle hakitoki. Tena anayeongoza amefundishwa kusikiliza, jambo ambalo wengi wetu tunadhani tunalijua mpaka tunapotakiwa kukaa dakika tano bila kutoa ushauri.

Huko Marekani utaratibu huu ulitoka kwa askari kwenda kwa madaktari, haukutoka juu. Mwaka 1970 maveterani wa vita vya Vietnam walianza kukutana New York na kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na madaktari wa akili kama Robert Jay Lifton na Chaim Shatan wakakaa nao. Mwaka 1979 serikali ikaanzisha Vet Center, vituo vilivyowekwa mitaani, mbali na hospitali, vyenye wahudumu wengi ambao ni maveterani. Leo viko takribani 300. Angalia mpangilio wa miaka: kiwewe cha vita kilipewa jina lake la sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa huko mwaka 1980. Askari walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao miaka kumi.

Familia huwa zinasahaulika katika mazungumzo haya, nazo zina msiba wake. Mume yuko Kongo, na habari za shambulio zinafika kwenye simu kupitia makundi ya WhatsApp kabla ya taarifa rasmi. Majirani watamwambia mke amwamini Mungu. Mwenzake aliyewahi kuupitia usiku kama ule atasema, “Nakuja kulala kwako, watoto wasikuone peke yako.” Kisha mume anarudi salama, na hapo linaanza la pili ambalo hakuna anayempa mke pole kwalo: nyumba imezoea kuendeshwa na mama, ada amelipa mama, fundi ameitwa na mama, na baba anataka kushika usukani siku ya kwanza.

Kwa waliofiwa, mfano ninaoupenda ni TAPS, shirika la Marekani la familia zilizofiwa na wanajeshi, lililoanzishwa na Bonnie Carroll mwaka 1994, baada ya mumewe, brigedia jenerali, kufa katika ajali ya ndege ya jeshi huko Alaska mwaka 1992. Wanaotaka kuwashika mkono wafiwa wapya hutakiwa kwanza wawe wamemaliza angalau miezi 18 tangu msiba wao. Sharti hilo lina akili nyingi. Mwenye kidonda kibichi akimfariji mwenzake, jioni wote wawili wanakuwa wagonjwa.

Huku kwetu mjane wa askari ana mlima mwingine wa kupanda: cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo kuthibitisha msimamizi wa mirathi, na shemeji ambaye ghafla ana maoni kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo. Mjane aliyetangulia anajua karatasi ipi hudaiwa kwanza na katika kikao kipi usikubali kwenda peke yako.

Jambo moja ningelitenga kabisa, hata kama litaonekana la ajabu kwa watu wa kaskazini: kikoba. Tumezoea kila kikundi kiwe na hisa na mikopo. Lakini ukiwa na marejesho ya wiki tatu hujalipa, huwezi kumkabili mwenyekiti huyohuyo na kumwambia unasikia sauti usiku. Fedha zikae kwenye kikundi kingine, siku nyingine.

Mipaka mingine ni ya usalama. Msaidizi hatoi dawa wala hamwachishi mtu dawa za hospitali. Na siri ina mwisho: mtu akisema anataka kujiua, au kuna mtoto anayeumizwa nyumbani, msaidizi habaki na neno hilo peke yake. Anamsindikiza mhusika mwenyewe mpaka hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, au Mount Meru kwa walio Arusha, na kama ndani kuna bunduki anahakikisha imetoka kwa njia halali. Kumwelekeza kwa mdomo na kumwacha stendi hakutoshi. Hili huelezwa siku ya kwanza kabisa, kabla mtu hajafungua kinywa, ili asije akaona amesalitiwa.

Kuanza hakuhitaji jengo. Chumba cha parokia au darasa la madrasa baada ya vipindi vinatosha, pamoja na viti vya watu sita hivi, saa inayojulikana, na muuguzi wa afya ya akili mmoja ambaye wasaidizi wanaweza kumpigia simu wanapoelemewa wao wenyewe.