Jua haliivishi nyanya, acheni majani

Wiki hii nimeitwa shamba moja Chanika nikakuta nyanya zimenyolewa mstari mzima. Limebaki shina, kamba na vishada vya kijani. "Tumefungua ili jua liingie, ziive upesi." Kauli hiyo naisikia Kigamboni, naisikia Bunju, na sasa imenichosha.

Nyanya haiivi kwa kumulikwa. Inaiva kwa umri wake, kwa joto, na kwa gesi ya ethilini inayotoka ndani ya tunda lenyewe. Ndiyo maana ile iliyochumwa ikianza kugeuka rangi inaendelea kuivia ndani ya tenga, gizani, njiani kwenda Ilala. Wekundu wake ni likopini, na tunda likishazidi nyuzi joto 30 likopini inatengenezwa kwa shida, rangi inaishia kwenye manjano. Sasa fikiria tunda lililo wazi kwenye jua la Januari hapa Dar: linakuwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Likifika nyuzi 40 na zaidi, ngozi inababuka. Upande unaopigwa na jua unakuwa mweupe, unabonyea, kisha ukungu mweusi unaingia. Hiyo hakuna mnunuzi anayeichukua.

Na sukari ya tunda inatoka wapi kama si kwenye majani? Jani la jirani na kishada ndilo mlishaji wake mkubwa, na ndilo hilo mnaloanza nalo kukata!

Maotea ya kwapani, yale machipukizi yanayotoka kati ya shina na jani, ni habari nyingine, na mbegu ndiyo inayoamua. Anna F1 inarefuka bila kikomo, kwa hiyo ng'oa maotea kwa mkono yangali mafupi, umande ukishakauka. Tanya ni ya kichaka: urefu wake unakoma wenyewe, na matawi ya pembeni ndiyo yanayobeba. Ukiipogolea Tanya kama Anna, umekata mavuno.

Majani yanayogusa udongo toa, hayo ndiyo ngazi ya bakajani, ugonjwa unaobabua na kukausha majani. Mkasi uchovye kwenye maji ya jiki kila baada ya shina, maana mnyauko bakteria unahama nao.

Panaponitatiza ni masika. Majani hayakauki, bakajani linapanda, na vitabu vinasema toa yote yaliyo chini ya kishada cha kwanza. Natoa, ila matunda ya kishada hicho yakishafikia ukubwa wake, na bado roho inasita, kwa sababu mvua ikikatika ghafla jua linarudi kali na jani lililokatwa halirudi. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, naacha majani mengi zaidi.

Waliokwisha kunyoa: tandazeni makuti au neti ya kivuli juu ya vishada leo, msiruke kumwagilia, na chumeni mara tu kitako cha tunda kinapoanza kubadilika rangi.