Uhuru wa Dini na Swali la Mabadiliko katika Mafundisho ya Kanisa

Tarehe 7 Desemba 1965, siku moja kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, kufungwa, mababa wa mtaguso 2,308 waliikubali kwa kura hati ya Dignitatis Humanae, inayofundisha kwamba kila mtu ana haki ya uhuru wa dini, na 70 wakaikataa. Katika kazi yangu ya kufundisha historia ya Kanisa, sijaona hati nyingine ya mtaguso huo inayomkabili msomaji na swali la mabadiliko kwa uzito kama hii. Mwaka 1832 Papa Gregori XVI, katika waraka wa Mirari Vos, alikuwa ameushutumu uhuru wa dhamiri kwa maneno makali. Mwaka 1864 Papa Pio IX naye aliiweka, miongoni mwa kauli 80 alizozilaani, ile isemayo kwamba kila mtu yuko huru kufuata dini ambayo akili yake imemwonyesha kuwa ya kweli.

Askofu Mkuu Marcel Lefebvre wa Ufaransa, mpinzani wa mageuzi ya mtaguso, aliiona hati hiyo kuwa inayapinga waziwazi mafundisho ya mapapa, na ni sehemu ya mgogoro uliomfikisha mwaka 1988 kuwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa. Upande wa pili wapo wanaosisitiza kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi siwezi kukubaliana nao, kwa sababu wajibu uliokuwa umewekewa dola ya Kikatoliki, wa kuzuia ibada za hadhara za dini nyingine pale inapowezekana, umeondolewa.

Ila ni lazima kutazama kilichobadilika kilikuwa na uzito gani. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipotangaza mwaka 1870 kwamba Papa hawezi kukosea, uliyafunga mamlaka hayo kwa masharti mazito, na tangu hapo yametumiwa waziwazi mara moja tu, mwaka 1950, katika dogma, yaani fundisho la imani lisilobadilika, ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mafundisho mengine ya kipapa hudai utii wa kweli wa akili na utashi, lakini si yote yasiyoweza kurekebishwa. Papa Benedikto XVI alilisema hili mbele ya Kuria, yaani wakuu wa ofisi za utawala wa Papa, mwezi Desemba 2005, alipoeleza kwamba mageuzi halisi yana mwendelezo na mkatiko kwa pamoja, kila kimoja katika ngazi yake.

Wajibu wa kuutafuta ukweli mbele ya Mungu umebaki palepale. Kilichohama ni msingi wa haki: zamani ilifundishwa kwamba kosa halina haki, ilhali mtaguso ulifundisha kwamba mwenye haki ni mtu, kwa hadhi yake, hata anapokosea. John Courtney Murray, Mjesuiti wa Marekani aliyeitetea hoja hii, alitakiwa katika miaka ya 1950 aache kuandika kuihusu, kisha akaitwa kuwa mmoja wa wataalamu wa mtaguso uleule. Inaniuma kwamba Kanisa lilimnyamazisha kwanza mtu ambaye baadaye lilimhitaji.

Hoja hiyohiyo ya hadhi ndiyo iliyotumiwa mwaka 2018, Papa Fransisko alipobadili namba 2267 ya Katekisimu, kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, na kutangaza kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Kwangu uamuzi huo ni sahihi, lakini bado Kanisa linawadai waamini wake maelezo kamili kuhusu ruhusa ya adhabu hiyo iliyofundishwa kwa karne nyingi: je, ilikuwa kosa, au ni mazingira yaliyobadilika?