Foleni Ndiyo Hatari: Jiji Lifanye Nini Uchaguzi Ukiangukia Wakati wa Janga

Kazi yangu ni kushauri halmashauri kuhusu vituo vya kupigia kura, na janga likizuka swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni barakoa ngapi na vitakasa mikono lita ngapi. Vinunuliwe, sawa. Ila mimi huanza na makarani.

Aprili 7, 2020, jimbo la Wisconsin nchini Marekani lilipiga kura korona ikiwa imepamba moto. Milwaukee, jiji lililozoea vituo 180, lilifungua 5 tu. Watu wakapanga foleni kwa saa kadhaa. Madison, jiji dogo kuliko hilo, jimbo lilelile na siku ileile, lilifungua 66. Kilichoiangusha Milwaukee si uhaba wa majengo, ni makarani waliojitoa. Na nani awalaumu? Huko kazi hiyo hufanywa zaidi na wazee, na wazee ndio walioelemewa na ugonjwa ule.

Kwa hiyo ukipunguza vituo kwa nia ya kuwalinda watu, umewakusanya pamoja.

Mara nyingi uchaguzi ni wa tume, si wa jiji. Lakini jiji lina kitu ambacho tume haina: waajiriwa wengi ambao bado ni vijana au watu wa makamo. Maktaba na kumbi zikifungwa kwa sababu ya janga, watumishi wake wapewe mafunzo mapema, na wa akiba wawepo, maana asubuhi ya uchaguzi hawakosi watakaoamka na homa. Hapa pana mtego, hasa meya akiwa mgombea. Mtumishi wake akishika daftari la wapiga kura, mawakala wa vyama watalalamika, na watakuwa na haki. Huyo apangwe kwenye foleni, mlangoni au kwenye usafi, na amri apokee kwa msimamizi wa kituo.

Halafu nafasi. Watu 100 wakiachiana mita 2 ni foleni ya karibu mita 200, itamwagika barabarani upende usipende. Mwenye mamlaka ya kufunga mtaa kwa magari ni jiji. Viwanja vya michezo navyo vinafaa (kule Atlanta, Marekani, ziliwekwa mashine 300 za kupigia kura ndani ya uwanja wa mpira wa kikapu wa State Farm Arena), mradi viongezwe juu ya vituo vya mitaani, visichukue nafasi yake. Asiye na gari atafikaje huko?

Jambo dogo linalosumbua kuliko linavyoonekana: mikono iliyolowa kitakasa hulowesha karatasi ya kura, wino ukavuja, na mashine ya kusomea kura ikakwama. Kitakasa kikae hatua kadhaa kabla ya meza ya karani ili mikono ikauke, na kingine baada ya sanduku.

Wagonjwa je? Korea Kusini, Aprili 15, 2020, mwenye joto la zaidi ya nyuzi 37.5 alielekezwa kwenye kituturi cha pembeni, na waliokuwa karantini bila dalili walipiga kura baada ya saa 12 jioni, wengine wakiwa wameshamaliza. Asilimia 66.2 ya wapiga kura walijitokeza. Utaratibu kama huo huhitaji ofisi ya afya ya jiji na tume zikae meza moja mapema, na mshika kipimajoto mlangoni apewe maelekezo kwa maandishi: kazi yake ni kuonyesha njia, hana ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani.