Je, Wajua Kwa Nini Keki ya Nyumbani Hupatana na Hadithi Fupi za Uhalifu?

Mtu aliyezoea kusoma huku anatafuna kitu huwa amekwisha kugundua kuwa si kila chakula hupatana na kila kitabu. Riwaya nene humsahaulisha msomaji chai yake hadi ikapoa, na mashairi hayataki mdomo uliojaa. Lakini mkusanyo wa hadithi fupi za uhalifu, zile ambazo maiti huonekana katika ukurasa wa pili na mkosaji akatajwa kabla ya ukurasa wa 25, huenda na keki iliyookwa nyumbani kama chanda na pete. Wapo watakaosema kuwa ni kwa sababu vyote viwili ni vya starehe, jibu ambalo halitoshi, maana starehe ziko nyingi na hazipatani zote. Sababu zenyewe ni mbili: muda, na, ajabu kidogo, shaka.

Tuanze na muda. Mwaka 1841 mwandishi wa Marekani, Edgar Allan Poe, alichapisha hadithi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya upelelezi kwa maana tunayoijua leo. Mwaka uliofuata, akihakiki hadithi za mwandishi mwenzake, alieleza kwamba hadithi fupi inayofaa ni ile inayosomwa kwa nusu saa hadi saa moja au mbili, tena kwa mkao mmoja, kwa sababu msomaji akishainuka, shughuli za dunia huingia kati na nguvu ya hadithi ikavunjika. Hadithi za Sherlock Holmes, alizozitunga Arthur Conan Doyle, zilifuata kipimo hicho. Nyingi zina maneno yapatayo 8,000, na mtu anayesoma Kiingereza kwa kasi ya maneno 200 hadi 250 kwa dakika humaliza hadithi ya urefu huo kwa dakika 32 hadi 40. Sasa tazama oveni: keki ya kawaida ya duara, kwa joto la nyuzi 180 za Selsiasi, huiva kwa muda uo huo au kuzidi kidogo. Unaifunga oveni, unafungua kitabu, na wakati mpelelezi anapowakusanya washukiwa sebuleni ili aseme aliyoyaona, ndipo kijiti cha kupimia kinapotakiwa kuchomekwa katikati ya keki.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Kwa karne nyingi keki iliumuliwa kwa hamira, ambayo huhitaji saa kadhaa, au kwa mayai yaliyopigwa kwa mkono hadi bega likachoka. Mwaka 1843 mkemia wa Uingereza aitwaye Alfred Bird, ambaye mke wake alidhuriwa na hamira, alitengeneza beking poda. Ndani yake mna magadi na asidi kavu, pamoja na wanga wa kuzuia unyevu. Vikikutana na maji na joto hutoa hewa ya kaboni, na hewa hiyo ndiyo inayoinua rojo. Kati ya hadithi ya Poe na poda ya Bird kuna miaka miwili tu. Sidai kwamba kimoja kilizaa kingine, lakini hunifurahisha kujua kwamba keki ya kuchanganya na kuoka papo hapo ni rika moja na hadithi ya upelelezi.

Upo pia ufanano katika namna ya kungoja. Katika nusu ya kwanza ya kuoka, keki huwa imeinuka lakini haijashika: vipovu vimetanuka, ilhali protini za mayai na wanga wa unga havijakaza kuta zake. Mtu akifungua oveni wakati huo, joto hushuka ghafla na katikati hubonyea, wala haiinuki tena. Msomaji anayekimbilia ukurasa wa mwisho ili amjue muuaji hufanya kosa la aina hiyo hiyo, maana vidokezo alivyopangiwa havijapata kushikana kichwani. Kwa bahati nzuri, keki nayo hutoa kidokezo chake. Harufu ile nzito, tamu, yenye kukaribia karameli, hutoka pale ngozi ya juu inapokauka na kuanza kugeuka rangi, yaani karibu na kuiva. Mwenye pua makini huweza kuendelea kusoma bila kutazama saa, ingawa mimi nimewahi kuikosa harufu hiyo kwa sababu ya hadithi nzuri mno, na ukoko ulionitoka siku ile haukuwa wa kusimuliwa.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye shaka. Hadithi za uhalifu humfundisha msomaji kutilia shaka kila kinachowekwa mezani. Agatha Christie, aliyefanya kazi katika duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alizijua sumu kwa vipimo vyake, na wahusika wake wengi hufa kwa kunywa au kula. Baada ya hadithi tatu za namna hiyo, keki ya kununuliwa huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Keki uliyoioka mwenyewe ndiyo pekee isiyo na mshukiwa, kwa kuwa kila kilichomo umekipima kwa mkono wako. Nadhani utamu mkubwa wa kusoma habari za sumu uko hapo: hofu iko kitabuni, na usalama uko kwenye sahani.

Anayetaka kuuchezea mpaka huo na aoke keki ya lozi. Harufu tunayoiita ya lozi hutokana na benzaldehidi. Katika lozi chungu mna kitu kiitwacho amigdalini, ambacho lozi zikisagwa na kulowekwa huvunjwa na kimeng'enya kuwa sukari, benzaldehidi na sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kali. Ndiyo maana wapelelezi wa vitabuni huinamia kikombe cha marehemu na kunusa lozi chungu. Arki ya lozi ya kutilia keki haina sumu hiyo, kwani huondolewa au arki yenyewe hutengenezwa kwa njia nyingine. Jambo ambalo waandishi hawalitaji sana ni kwamba baadhi ya watu hawawezi kabisa kuinusa sianidi, na hali hiyo huaminika kuwa ya kurithi. Mpelelezi wa namna hiyo angekinusa kikombe na kukiachia kwa amani.

Kuhusu aina ya keki, krimu haifai karibu na kurasa. Inayofaa ni keki ya mstatili, isiyopakwa kitu juu, iliyotengenezwa kwa mafuta badala ya siagi, kwa kuwa mafuta hayagandi yakipoa na hivyo keki hubaki laini kwa siku kadhaa. Mkusanyo wa kwanza wa hadithi za Holmes, uliotoka mwaka 1892, una hadithi 12, na keki ya urefu wa sentimita 24 ikikatwa vipande vya sentimita mbili hutoa vipande 12. Isiwekwe kwenye jokofu, maana ubaridi huharakisha kukakamaa kwa wanga. Chombo chenye kifuniko kinatosha.

Limebaki tahadhari moja, nayo nimeipata kitabuni. Katika hadithi ya kwanza ya G. K. Chesterton kuhusu Padri Brown, iliyotoka mwaka 1910, mpelelezi anatia sukari kwenye kahawa yake na kukuta ni chumvi. Aliyebadilisha alikuwa padri mwenyewe, akimpima mtu mwingine aliyekuwa ameketi naye hapo kabla mpelelezi hajafika: asiye na la kuficha angelalamika, lakini yule alikunywa akanyamaza. Chumvi na sukari laini hufanana mno chini ya taa ya jikoni, kwa hiyo kabla ya kumimina vikombe viwili ndani ya bakuli, weka chembe chache ulimini.