Sheria inaruhusu, kaunta inakataa: dhana potofu kuhusu kutuma bunduki kiwandani kutengenezwa Marekani

Msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia huku Pennsylvania, simu yangu haitulii. Wana Afrika Mashariki wanaowinda si wengi, lakini waliopo wanajua kwamba niliwahi kutuma shotigani yangu kiwandani na ikarudi salama, basi wamenifanya mzee wa baraza kwa mambo hayo. Majuzi shemeji yangu kapiga simu usiku, sauti ya chini kama mtu anayeficha jambo: "Shem, bastola yangu inakwama kila risasi ya tatu. Nikiituma kwa walioitengeneza, si nitafungwa?"

Hafungwi. Ila hofu yake naielewa, maana imezunguka kwenye vikundi vya WhatsApp mpaka imekuwa kama kifungu cha sheria.

"Mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kusafirisha bunduki."

Chanzo cha dhana hii ni historia ya kweli. Bunduki iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 ilinunuliwa kwa barua, kutoka duka moja la Chicago, kama mtu anavyoagiza shati. Baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa mwaka 1968, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kudhibiti bunduki mwaka huohuo na kufunga biashara ile. Tangu hapo mtu binafsi hawezi kumtumia mtu binafsi mwenzake wa jimbo jingine bunduki. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wameikariri.

Sehemu ambayo hawaijui ni kwamba sheria hiyohiyo iliacha njia kwa ajili ya matengenezo. Mwenye bunduki yake halali anaweza kuituma kwa mtengenezaji au fundi bunduki mwenye leseni ya serikali kuu, hata kama yuko jimbo la mbali, na huyo mwenye leseni anaweza kumrudishia moja kwa moja mlangoni. Hakuna haja ya kupitisha dukani, wala ya kujaza ile Fomu 4473 tunayojaza wakati wa kununua, wala ya kukaguliwa rekodi upya.

Na ikishindikana kutengenezwa? Kiwanda kinaweza kukutumia nyingine badala yake, mradi iwe ya aina ileile. Wakikuambia "hiyo hatuitengenezi tena, tutakupa modeli nyingine yenye risasi za kipimo kingine", hapo mambo yanabadilika: itapitia kwa muuzaji mwenye leseni na utajaza fomu kama mnunuzi. Kumbuka pia kwamba bunduki mpya ina namba mpya. Kwa jimbo kama New York, ambako leseni ya bastola inaorodhesha kila bastola, au Hawaii, ambako silaha husajiliwa, namba hiyo lazima uipeleke kwa wahusika. Yako majimbo mengine ambayo kiwanda kitaamua chenyewe kurudisha kupitia dukani. Usigombane nao, wanajilinda.

"Basi naipeleka posta au UPS yoyote iliyo karibu."

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na hapa ndipo nilipojikwaa mimi.

Tuanze na posta ya serikali. Sheria ya mwaka 1927 iliwazuia watu binafsi kutuma kwa posta silaha yoyote inayoweza kufichwa mwilini, yaani bastola na rivolva. Bunduki ndefu, kama raifo na shotigani, hazimo kwenye marufuku hiyo, na mwenyewe anaweza kuituma kwa posta kwenda kwa mwenye leseni. Marufuku ya bastola imeanza kupingwa kisheria miaka hii ya karibuni, kwa hiyo ukiwa na bastola usitegemee ulichosikia mwaka juzi, uliza kwanza.

Kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi zina kanuni zao, na mara nyingi ni kali kuliko sheria. Mwaka 2022 UPS ilibadili masharti: bunduki itapokelewa tu kutoka kwa wenye leseni walioingia makubaliano na kampuni. FedEx nayo haifungui mlango kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo unaweza kuwa na haki zote za kisheria na bado ukarudi nyumbani na boksi lako.

Mimi nililipeleka langu kwenye duka dogo la vifurushi lililo kati ya saluni na mgahawa wa Kichina. Dada wa kaunta alipouliza kuna nini ndani, nikamwambia ukweli. Alirudi nyuma hatua mbili. Meneja akaitwa, nikaelezwa kwa heshima kwamba maduka ya aina ile hayapokei silaha kabisa. Yana jina na rangi za kampuni, lakini ni ya wafanyabiashara binafsi. Bunduki hupokelewa kwenye vituo vikuu vya kampuni yenyewe, au hufuatwa.

Njia inayofanya kazi ni kupiga simu kiwandani kabla ya kugusa boksi. Watengenezaji wengi wakubwa hukupa namba ya matengenezo na lebo ya usafiri iliyokwisha kulipiwa, inayotoka kwenye akaunti yao wenyewe, pamoja na maelezo ya wapi upeleke. Wasipotoa lebo, nenda kwa muuza bunduki wa mtaani mwenye leseni akutumie kwa ada. Ada hiyo ni nafuu kuliko siku nzima ya kuzunguka kaunta hadi kaunta.

Na usidanganye kilichomo. Nimesikia watu wakishauriana waandike "vipuri vya mashine". Huo ni ushauri wa kumtafutia mwenzio kesi.

Kuna jamaa wengine wanafanya kinyume chake: wanaandika kwa kalamu nene juu ya boksi, BUNDUKI NDANI, wakidhani sheria inadai hivyo. Haidai. Sheria ya serikali kuu inakataza msafirishaji kukulazimisha kuweka alama ya nje inayoonyesha kwamba ndani mna silaha, na sababu yake hata mtoto anaijua. Unamwambia msafirishaji, humwambii mwizi. Ndiyo maana ukiangalia lebo za viwanda vingi, jina la mpokeaji limefupishwa lisiseme "silaha" popote.

"Niweke na risasi chache ili wajaribu."

Hapana, hata moja. Wanazo zao. Risasi ziko kwenye kundi la vitu vya hatari katika usafirishaji, zina kanuni zake, na posta haizipokei kabisa. Kagua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kagua tena, mpe na mwenzio akague. Magazini, kile kikasha kinachobeba risasi, ni jambo jingine. Wengine huambiwa waibakize nyumbani, lakini kama tatizo ni risasi kukwama, magazini inaweza kuwa ndiyo mgonjwa mwenyewe. Waulize kama wanaitaka.

Ondoa pia vikorokoro: darubini, tochi, mkanda. Vikipotea, utabaki na maneno yako dhidi ya yao.

"Kila kipande cha bunduki ni bunduki."

Kwa macho ya sheria ya serikali kuu, bunduki ni kiunzi chake, ule mwili wenye namba ya utambulisho iliyochongwa. Mtutu peke yake si silaha. Kitako si silaha. Sehemu ya juu ya bastola, ile inayorudi nyuma ukipiga, si silaha. Kwa hiyo kama kiwanda kinahitaji mtutu tu, unaweza kutuma mtutu kama unavyotuma kipuri cha pikipiki, ukizingatia masharti ya jimbo lako na ya msafirishaji.

Lakini usikisie kiunzi ni kipi. Kwenye bastola ya SIG P320, mkono wa plastiki unaoushika, ambao mtu yeyote angeapa kwamba ndiyo bastola yenyewe, kisheria si kitu. Silaha ni kile kifaa kidogo cha chuma chenye mitambo ya kufyatulia kilichopachikwa ndani yake, chenye namba inayoonekana kwenye kidirisha.

"Bunduki ikiwa na kasoro, serikali itaamuru zote zirudishwe, nitapata barua."

Watu wamezoea magari: breki zina hitilafu, unaandikiwa uyapeleke. Bunduki hazimo kwenye utaratibu kama huo. Tume ya usalama wa bidhaa ilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, Bunge liliziweka bunduki nje ya mamlaka yake. Tume inaweza kushughulikia kitanda cha mtoto au kibaniko cha mikate, lakini si bastola. Kuita silaha zirudi kiwandani hubaki hiari ya mtengenezaji, au matokeo ya kesi mahakamani.

Ndiyo maana maneno yanayotumika huwa ya upole. Agosti 2017, baada ya kuonekana kwamba P320 inaweza kufyatuka ikianguka kwa namna fulani, SIG Sauer ilitangaza mpango wa "kuboresha" kwa hiari: mmiliki anaituma, inabadilishwa sehemu kadhaa, inarudi, bila malipo. Aliyekuwa hafuatilii habari hakuwa na wa kumgongea mlango. Kama una bunduki ya mtumba, ingiza namba yake kwenye tovuti ya mtengenezaji leo. Mwenye wa kwanza ndiye aliyekuwa kwenye orodha ya kampuni, wewe humo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa rivolva za Ruger za zamani, zile za kukokota nyundo kwa kidole, zilizotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1972. Zilikuwa nzuri, lakini nyundo ikiwa imelala juu ya risasi na silaha ikaanguka, inaweza kufyatuka. Wazee waliojua walibeba risasi tano kwenye silinda yenye nafasi sita na kuacha chemba iliyo chini ya nyundo tupu. Mwaka 1973 Ruger ikaleta muundo mpya wenye kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini inayogonga risasi pale tu unapovuta kifyatulio. Na kwa zile za zamani, kampuni hutoa marekebisho ya usalama bure: unaituma, wanaweka mfumo mpya, wanakurudishia.

Hapo wakusanyaji hung'aka: "Ukiwapelekea wataiharibu thamani, hutaona tena vipande vya asili!" Nusu kweli, nusu uzushi. Kampuni hurudisha vipande vya asili pamoja na bunduki, kwa hiyo vipo. Ni kweli pia kwamba mkusanyaji hulipa zaidi kwa ile ambayo haijaguswa. Mimi kwa rivolva ya kubeba porini ningetuma kesho asubuhi. Ya kuweka kabatini, shauri lako.

Pamoja na hilo, ujue kwamba kiwanda hurudisha bunduki kwenye hali ya kiwandani. Kama ulimpa fundi wa mtaani akalainisha kifyatulio, au ukaweka springi uliyoagiza mtandaoni, usishangae kuvikuta vimebadilishwa. Hawatatia sahihi yao kwenye kazi ya mtu mwingine. Tena kazi hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu ya dhamana kukataliwa.

"Jina liko kwenye mtutu, basi kampuni ipo."

Jina linaweza kuuzwa kama kiwanja. Kampuni ya bunduki ya Remington ilifilisika mwaka 2018, ikafilisika tena 2020, ikauzwa vipande vipande: bunduki zenyewe zikaenda kwa mnunuzi mmoja, risasi kwa mwingine, na Marlin, jina jingine la bunduki lililokuwa chini yake, likachukuliwa na Ruger. Aliyenunua jina si lazima awe amenunua ahadi alizopewa babu yako. Uliza kabla ya kutuma, na jibu likiwa hapana, tafuta fundi bunduki mzuri. Naye pia lazima awe na leseni, na bunduki ikilala kwake ataiandika kwenye daftari lake. Akiimaliza siku hiyohiyo ukiwa unasubiri, haandiki.

Kuna moja inayotuhusu sisi wahamiaji hasa. Mwenye green card anaweza kumiliki bunduki kama raia, na hivyo anaweza kuituma. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa ana sababu inayotambuliwa kama leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi aliyeachiwa bunduki na rafiki "aisimamie itengenezwe" yuko matatani kabla ya kufika posta. Na hata kati yetu wenye haki, usitume ya mwenzio kwa jina lako: kiwanda humrudishia aliyetuma, na wewe utakuwa umeshika silaha isiyo yako.

Haya yote ni ya Marekani. Walio Dar au Nairobi wasione wamepata njia. Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha ya mwaka 2015, Kenya ina Sura ya 114 ya sheria zake na bodi yake ya leseni, na kutoa bunduki nje ya nchi kunadai kibali kabla ya boksi.

Shemeji alipiga simu kiwandani kama nilivyomwambia. Fundi wa upande wa pili hakutaka hata bastola. Alimuuliza magazini ina umri gani, akacheka kidogo, na siku sita baadaye springi mpya ya magazini ikafika kwenye bahasha ya kawaida, siku moja na bili ya umeme.